Utani na Uonevu

Katika shule zetu nyingi za bweni, mwanafunzi mpya huitwa njuka. Hutumwa maji, huimbishwa usiku, hunyang'anywa sabuni yake. Naye akilalamika, wakubwa humjibu ya kuwa huo ni utani tu. Jibu hilo lastahili kupimwa, kwa maana utani ni desturi yenye sheria zake.

Mtu akiketi Ilula, katika nchi ya Wahehe, kando ya njia kuu iendayo Iringa na Mbeya, aweza kumsikia Mhehe na Mngoni wakitupiana maneno makali, akadhani wanagombana. Sivyo. Babu zao walipigana vita vikali tangu 1878 hata mwanzoni mwa miaka ya 1880, na baadaye uadui ule ukageuka utani. Lakini tuyatazame masharti yake: atukanaye hukubali kutukanwa, hajifichi uso, na siku ya msiba mtani huyo huyo huja kusaidia maziko.

Sasa tuitie katika mizani hiyo habari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Palikuwa huko na gazeti la ukutani lililoitwa Mzee Punch. Hapo kwanza liliwadhihaki wakubwa wa Chuo. Kisha likawageukia wanafunzi, hasa wanawake, kwa picha na maneno ya aibu. Waandishi wake walijificha, na aliyechorwa alitengwa na wenziwe. Mwezi wa Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike, baada ya kuandamwa hivyo, alijiua. Ndipo wengi walipokiri kwamba haukuwa utani. Mwaka 1998 sheria ya makosa ya kujamiiana ikauhesabu udhalilishaji wa namna hiyo kuwa kosa.

Wako wasemao kwamba hata jando lilikuwa na maumivu. Ni kweli, lakini lilisimamiwa na wazee waliojulikana, ambao mzazi angeweza kuwauliza habari za mwanawe. Njuka hana wa kumuuliza, wala hawezi kumrudishia aliyemwonea. Humngoja njuka wa mwaka ujao, akamlipiza asiye na kosa.

Basi wanafunzi wabishanapo juu ya mpaka wa jambo hili, wasiulize kama waliokuwapo walicheka. Waulize kama aliyechekwa aliweza kujibu, na kama aliyemcheka angekuja kumzika. Wahenga walisema: mzaha mzaha hutumbuka usaha.