Mwalimu Anaposhuka Ndegeni

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya kiti kitupu. Sikusudii kiti cha ukubwa serikalini, maana hicho hakikai kitupu hata siku moja. Nakusudia kiti cha mwalimu wa urubani, pale anapofungua mlango wa ndege, akashuka, akamwachia mwanafunzi wake aruke peke yake kwa mara ya kwanza. Tukikifuata kiti hicho kitatupitisha Nairobi, Dar es Salaam na Soroti, na kitatuonyesha jambo moja katika historia ya nchi yetu ambalo Unguja ilikuwamo ndani yake.

Nyinyi wa Kidichi mtanielewa upesi. Mko juu ya mgongo wa kisiwa, penye hamamu alizojenga Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Huko kusini kwenu ndiko kwenye kiwanja cha ndege cha Kisauni, ambacho siku hizi kinaitwa kwa jina la Mzee Abeid Amani Karume. Katika ndege za kwenda Pemba na Dar es Salaam, nyengine ni ndogo hata abiria mmoja huweza kuwekwa mbele, ubavuni kwa rubani. Abiria huyo anazitazama saa na mishale mbele yake, anasoma dua zake, na anajiuliza moyoni: huyu kijana akizimia, nani atatuteremsha? Basi kila rubani alikuwa na siku moja ambayo swali hilo lilikuwa lake mwenyewe, na ubavuni kwake hapakuwa na mtu.

Siku yenyewe huwa hivi. Mwanafunzi amekwisha kuruka na mwalimu wake kwa jumla ya saa 10, 15, au hata 20. Amejifunza kupaa, kukata kona, kupunguza mwendo na kutua. Walimu wengi hawamwambii mapema, wasije wakamkosesha usingizi. Wanatua pamoja mara mbili tatu, kisha mwalimu anamwambia asimamishe ndege pembeni. Anashuka. Kabla ya kuufunga mlango anaurudisha mkanda wa kiti chake na kuukaza vizuri, kwa sababu mkanda ukining'inia unaweza kujinasa kwenye usukani wa pili. Kisha anakwenda kusimama kwenye majani, na kuanzia hapo hana analoweza kulifanya kwa mikono yake.

Kazi aliyompa mwanafunzi ni fupi: kupaa, kupanda kiasi cha mita 300, kukata kona nne kukizunguka kiwanja, na kutua pale pale alipoanzia. Ni dakika chache tu. Lakini ndege anayoirusha si ile aliyoizoea. Ndege ndogo ya kufundishia kama Cessna 152, ikiwa na watu wawili na mafuta, haizidi kilo 760 hivi. Mwalimu akishuka, karibu sehemu moja katika kumi ya uzito imeondoka. Ndege inaruka mapema kuliko jana, inapanda kwa haraka, na wakati wa kutua inakataa kukaa chini, inaelea juu ya njia kama jani. Marubani wengi husema kwamba hapo juu ndipo walipokigeukia kile kiti na kukiona kitupu, na wengine walijisikia wakisema kwa sauti kubwa maneno ya mwalimu, mwendo, kimo, pua ya ndege, kana kwamba bado yuko. Ukishaiacha ardhi hakuna wa kukuteremsha ila wewe mwenyewe. Akitua salama, skuli nyingi humwagia maji, na siku ile huandikwa katika daftari lake la safari, kitabu atakachokaa nacho maisha yake yote ya kazi.

Zamani za mwanzo, wasikilizaji, hapakuwa na mwalimu wa kushuka. Otto Lilienthal, Mjerumani, alijifundisha kuelea kwa mabawa aliyoyatengeneza mwenyewe, akaanguka na kufa Agosti 1896. Orville Wright aliporuka Marekani tarehe 17 Desemba 1903 kwa sekunde 12 na mita 37, alikuwa peke yake kwa sababu hapakuwa na mtu duniani wa kumfundisha. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu ulikuwa mwalimu mkali. Katika Vita vya Kwanza vijana wengi wa Uingereza walikufa mafunzoni, hata kabla ya kumuona adui. Mwaka 1917 afisa mmoja, Robert Smith-Barry, alianzisha huko Gosport utaratibu mpya: mwanafunzi na mwalimu wakae katika ndege yenye usukani wa pande mbili, mwalimu amsemeze kwa mpira wa kupitishia sauti, na mwanafunzi asikatazwe makosa bali aingizwe kwa makusudi ndani ya makosa hayo na afundishwe kutoka. Kwa ufupi, alifundisha namna ya kumtayarisha mtu ili siku moja uweze kumuacha.

Utaratibu huo ulifika kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1929 Bibi Florence Wilson alianzisha Nairobi kampuni ya Wilson Airways, ambayo baadaye ndege zake zilifika hata Unguja. Rubani wake mkubwa, Tom Campbell Black, alimfundisha urubani Beryl Markham, mwanamke wa Kiingereza aliyekulia Njoro na aliyekijua Kiswahili tangu utotoni. Katika kitabu chake cha mwaka 1942 mama huyu anasimulia kwamba walipokuwa wakikaribia vilima vya Ngong, ndege ilianza kuvutwa chini na upepo ushukao mlimani. Mwalimu alinyamaza kimya mpaka dakika ya mwisho, ndipo akashika usukani na kuwaokoa wote wawili. Alitaka mwanafunzi aujue upepo ule kwa mwili wake. Mwanafunzi alipata leseni mwaka 1931, mwaka uliofuata akaruka peke yake kutoka Kenya hadi Uingereza, na Septemba 1936 akavuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Kanada, safari ya saa 21 na zaidi. Hayo ndiyo matunda ya mwalimu aliyejua wakati wa kushika na wakati wa kuachia.

Lakini katika habari hiyo hiyo yumo mtu mwengine, arap Ruta, Mkipsigis aliyekua pamoja na Beryl tangu wakiwa watoto. Yeye ndiye aliyeitunza ndege, akaitayarisha asubuhi, na akaisubiri jioni. Aliijua ndege ile. Hata hivyo kiti cha rubani hakikuwa chake, wala kiti cha mwanafunzi. Na lilipoundwa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki mwaka 1946, la serikali nne, Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, rubani aliendelea kuwa Mzungu, na Mwafrika alikuwa wa kubeba mizigo na kuosha ndege. Mtu hawezi kuachiwa usukani ambao hajawahi kuushika.

Sasa natueni kwenye jambo nililoliahidi. Baada ya maasi ya askari wa Tanganyika ya Januari 1964, na baada ya Muungano wa Aprili mwaka huo, Jeshi la Wananchi lilianza upya Septemba 1964. Jeshi lilihitaji marubani, na Ujerumani ya Magharibi ilikubali kutufundishia. Walimu wakaja na ndege za kufundishia zikaja.

Wakati huo huo huku Unguja, Serikali ya Mapinduzi ilikuwa imekwisha kufanya urafiki na Ujerumani ya pili, ya Mashariki. Wao ndio waliosaidia kujenga zile nyumba za ghorofa za Kikwajuni tunazozipita kila siku. Ujerumani ya Magharibi ilikuwa na sharti moja kwa dunia nzima: anayemtambua ndugu yangu wa Mashariki, mimi si rafiki yake. Mwalimu Nyerere alitafuta njia ya kati. Ubalozi wa Unguja ufungwe, na Ujerumani ya Mashariki iwe na ofisi ndogo ya konseli Dar es Salaam, bila ya kutambuliwa kuwa dola. Magharibi hawakuridhika. Februari 1965 wakawaondoa walimu wa urubani, mafunzo yakiwa bado machanga. Nyerere naye akawajibu kwamba misaada yao mingine ya kiserikali waichukue vile vile.

Wasikilizaji, mlinganisheni mwalimu huyu na yule anayesimama kwenye majani. Wote wawili wameshuka. Mmoja ameshuka kwa sababu mwanafunzi ameiva. Mwengine ameshuka kwa sababu ana ugomvi na jirani. Kiswahili chetu kimetupa maneno mawili yanayokaribiana sana: kuna kuachiwa, na kuna kuachwa. Aliyeachiwa amekabidhiwa kitu. Aliyeachwa amekimbiwa. Kwa anayetazama kutoka chini mambo hayo mawili yanafanana, kwani kiti kitupu ni kile kile.

Kanada ilichukua nafasi ile mwaka huo huo wa 1965, kwa mpango wa miaka mitano, ikafundisha marubani wetu na kuleta ndege za usafirishaji za Otter na Caribou. Mpango ulipokwisha mwaka 1970, wakaja Wachina na ndege za kivita. Ndani ya miaka sita kikosi kimoja kilikuwa na walimu wa nchi tatu, na kila mwalimu ana lugha yake, ndege zake na vitabu vyake. Nani kati yetu, akibadilishiwa chuo kila mara, angehitimu Kurani upesi?

Ndiyo maana skuli ya urubani ya Soroti, nchini Uganda, ilikuwa jambo kubwa. Ilianzishwa mwaka 1971 chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ili kijana wa Tanzania, wa Kenya na wa Uganda wafundishwe pamoja, nyumbani, bila ya kungoja hisani ya mtu. Mwaka ule ule Idi Amin alipindua serikali, na Nyerere hakukubali tena kukaa naye meza moja. Wakubwa hawakuonana, lakini kwenye uwanja wa Soroti vijana wa nchi zote tatu waliendelea kupaa na kutua. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977. Shirika la ndege lililokuwa likirusha Super VC10 mpaka Ulaya likafa, Kenya ikaanzisha lake mwezi Januari, na Tanzania ikaanzisha Air Tanzania tarehe 11 Machi 1977 ikiwa na ndege chache. Soroti yenyewe haikufa. Ilibaki mikononi mwa Uganda, miongoni mwa vyombo vichache vya Jumuiya ya zamani vilivyookoka.

Kwa hiyo mwaka 1977 nchi yetu nayo iliruka peke yake. Je, tuliachiwa au tuliachwa? Jawabu langu ni kwamba tuliachwa, lakini hatukuwa mikono mitupu, kwa sababu walikuwapo watu waliokwisha kupitia ile siku ya kiti kitupu. Ndege zinagawanywa, majengo yanagombaniwa, fedha zinafungiwa benki. Ujuzi uliomo mikononi mwa rubani au fundi haugawanyiki wala haufungiwi mpakani. Hicho ndicho kilichotuteremsha salama.

Nalisema hili leo kwa sababu naona makosa ya pande mbili katika kazi zetu. Kuna fundi mkuu ambaye kijana wake ana miaka kumi gereji na bado anampa spana amshikie tu. Kuna mwenye duka asiyemuonyesha mwanawe daftari la madeni mpaka siku ya maziko. Hao hawataki kushuka. Na kuna wengine, wakiwemo wafadhili wa miradi, wanaoshuka njiani, muda wa mradi ukifika au bajeti ikikatwa, kisha wanashangaa kusikia kwamba mashine imeharibika. Mashambani kwetu hakuna baba amtumaye mtoto kileleni mwa mkarafuu siku ya kwanza, na hakuna baba amshikaye miguu mpaka aote ndevu. Huanzia matawi ya chini, baba akitazama, na msimu unaofuata yeye yuko mti wake na mtoto yuko mti wake.

Katika nchi nyingi kijana wa miaka 16 anaruhusiwa kuruka peke yake, umri ambao hapa kwetu leseni ya gari hajaipata. Ada ya urubani ni mamilioni ya shilingi, na wengi wa Kidichi hawataiona. Lakini kila nyumba ina usukani wake. Basi wiki hii mwenye kiti cha mwalimu, popote alipo, na amtazame aliyekaa ubavuni kwake na ajiulize amebakisha nini kumfundisha. Akikipata, akimalize. Kisha aukaze mkanda wake, afungue mlango, na akasimame kwenye majani.

Tukutane wiki ijayo, inshaallah.