Kizunguzungu

Kizunguzungu ni dalili ya kuhisi mwili au mazingira yanazunguka, au kukaribia kuzirai. Chanzo huweza kuwa hitilafu ya sikio la ndani, presha, sukari kushuka, au upungufu wa maji au damu. Katika Kaunti ya Kwale, pwani ya kusini ya Kenya, upungufu wa damu hutokana pia na malaria, minyoo ya safura na kichocho, ambacho kimefanyiwa utafiti katika eneo la Msambweni kwenye kaunti hiyo tangu miaka ya 1980. Uchunguzi huanza na maelezo ya mgonjwa, kisha hupimwa presha akiwa amelala na akisimama, damu na sukari. Kizunguzungu cha ghafla pamoja na mdomo kupinda, udhaifu wa upande mmoja au ulimi mzito huweza kuashiria kiharusi, na huhitaji hospitali mara moja.