Unyayo Mbele ya Watahini

Katika mwaka 1892, mjini Paris, tabibu Joseph Babinski, ambaye wazazi wake walikuwa Wapolandi waliohamia Ufaransa kutoka Warsaw, alisimama mbele ya majaji wa mtihani wa kutafuta daraja ya ualimu katika chuo kikuu cha utabibu, akarudi mikono mitupu. Aliyewaongoza majaji hao alikuwa Charles Bouchard, ambaye hapo kwanza alikuwa mwanafunzi wa Jean-Martin Charcot, bingwa wa maradhi ya mishipa ya fahamu aliyesifika Ulaya nzima, kisha akageuka kuwa mshindani wake. Na Babinski, kwa bahati yake mbaya, alikuwa miongoni mwa wanafunzi waliopendwa mno na Charcot. Hakupata kuwa profesa hata alipofariki mwaka 1932. Walakini leo hakuna mtahiniwa wa udaktari, awe London, Nairobi au Dar es Salaam, anayethubutu kuingia katika chumba cha mtihani wa maradhi ya fahamu asiyekuwa amejizoeza kukwaruza unyayo wa mgonjwa kwa namna aliyoifundisha mtu huyo aliyekataliwa na watahini wake mwenyewe.

Ili kufahamu thamani ya mkwaruzo huo, yatupasa kuitazama hospitali ya Salpêtrière ilivyokuwa zama za Charcot, aliyepewa mwaka 1882 kiti cha ualimu kilichoundwa mahsusi kwa maradhi ya mishipa ya fahamu. Wadi zake zilijaa wagonjwa waliopooza upande mmoja wa mwili, na baadhi yao walikuwa wamepatwa na dhara ya dhahiri katika ubongo, hali wengine ubongo wao ulikuwa mzima na ugonjwa wao ukitoka katika nafsi. Makundi haya mawili yalifanana mno machoni: mkono ule ule usioinuka, mguu ule ule unaoburutwa. Tabibu aliyetegemea kauli ya mgonjwa au nguvu ya msuli tu aliweza kukosea, kwa kuwa kauli na nguvu vyote viwili vimo chini ya hiari ya mtu. Babinski akatafuta ushahidi ambao hiari haiwezi kuutoa wala kuuzuia, na tarehe 22 Februari 1896, mbele ya Jumuiya ya Biolojia ya Paris, alisoma taarifa fupi mno, pengine iliyo fupi kuliko zote zilizopata kubadilisha kazi ya matabibu. Alieleza kwamba unyayo wa mtu mzima mwenye afya ukichokozwa, vidole hukunjwa kuelekea chini. Lakini pale ambapo njia itokayo kwenye ubongo kushukia uti wa mgongo imedhurika, kidole gumba cha mguu huinuka juu. Kitoto kichanga ambacho hakijaanza kutembea nacho hukiinua, kwa sababu njia hiyo bado haijakomaa.

Hakuwa wa kwanza kuuliza mwili maswali ambayo ulimi hauwezi kuyajibu. Mwaka 1875, katika jarida moja la Kijerumani, Wilhelm Erb na Carl Westphal, kila mmoja kwa kazi yake mwenyewe, walieleza kwamba kano iliyo chini ya pia ya goti ikigongwa, mguu huruka wenyewe, na kwamba kutoruka kwake au kuruka kupita kiasi kuna maana kwa tabibu. Mwanzoni waligonga kwa vidole au kwa ukingo wa kiganja. Mwaka 1888, John Madison Taylor wa Philadelphia alitengeneza nyundo ya mpira yenye pembe tatu, ambayo hadi sasa hupatikana katika mifuko ya makoti meupe ya wanafunzi wengi. Lakini nyundo ninayoistahi zaidi ni ile ya London, katika hospitali ya Queen Square iliyofunguliwa mwaka 1860 kwa bidii ya ndugu wa ukoo wa Chandler, Johanna, Louisa na Edward, kwa ajili ya waliopooza na wenye kifafa. Hapo, mwanzoni mwa karne ya ishirini, muuguzi aitwaye Miss Wintle alikuwa akichukua kigurudumu cha shaba, akakizungushia mpira, akakifunga kwenye ufito wa mwanzi, kisha akawauzia madaktari vijana waliokuja hapo kujifunza. Vitabu vya elimu hii vimejaa majina ya maprofesa waliopewa dalili na maradhi kama watu wapewavyo mashamba ya urithi. Naona ni haki kwamba chombo kinachotumiwa na watahiniwa wengi kuliko vitabu vyote hivyo kilitoka katika mikono ya muuguzi.

Vita navyo vikaongeza chake. Majeraha ya mishipa ya fahamu katika Vita vya Pili vya Dunia yalikuwa mengi, na waganga wa hospitali mbalimbali hawakuwa na lugha moja ya kuelezana udhaifu wa msuli. Basi mwaka 1943 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilitoa mizani ya daraja kutoka 0 hadi 5, ambapo 0 ni msuli usiotikisika kabisa, 3 ni uwezao kushinda uzito wa kiungo wenyewe lakini usioweza upinzani wa mkono wa tabibu, na 5 ni nguvu kamili. Mtahiniwa wa leo akitamka kwamba nguvu ya goti ni 4, anatumia lugha iliyotungwa kwa ajili ya askari waliokatwa na vyuma vya mizinga.

Hivyo basi, kufikia katikati ya karne iliyopita, ada ya mtihani ilikuwa imekamilika katika utaratibu wake: tazama mgonjwa anavyotembea, pima ukakamavu wa viungo, kisha nguvu, kisha miruko ya kano, kisha ulinganifu wa harakati, kisha hisia za pamba, pini na uma wa chuma unaotetema mara 128 kwa sekunde. Kilichokuwa bado hakijakamilika ni insafu. Mgonjwa mmoja aliitwa kutoka wadini, akalazwa kitandani tangu asubuhi, na watahiniwa wakapishana juu yake, huyu akigonga na yule akidunga, mpaka jioni hisia zake zenyewe zimechoka na majibu yake hayafanani tena na ya asubuhi. Tena mtahiniwa mmoja aliweza kupewa mgonjwa mwepesi, na mwenzake kupewa kitendawili.

Aliyeligusa tatizo hili kwa namna isiyotarajiwa alikuwa Howard Barrows, tabibu wa maradhi ya fahamu nchini Marekani. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba katika siku za mafunzo yake palikuwa na mgonjwa aliyeitwa Sam, ambaye aliombwa ashiriki katika mtihani wa madaktari waliotafuta ubingwa. Mtihani ulipokwisha, Sam alimweleza kwamba mmoja wa watahiniwa alimtendea kwa ukali na dharau. Naye, kwa kulipiza, akazibadilisha dalili zake makusudi, akaihamisha dalili ya Babinski kutoka mguu mmoja hadi mwingine na kugeuza mahali pa ganzi. Mtahiniwa yule hakutambua kitu. Barrows alitambua mambo mawili kwa pamoja: kwamba mgonjwa aliyelala kitandani naye ni mtahini, na kwamba dalili ambayo Babinski aliitafuta kwa kuwa haitii hiari, binadamu mwenye mazoezi aweza kuiigiza.

Mwaka 1963, akiwa katika Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, Barrows alimfundisha mwanamke asiye mgonjwa kuigiza mtu aliyepooza miguu yote miwili kwa maradhi ya fahamu: namna ya kulegea, mahali hisia inapokoma, kidole gumba kinachoinuka unyayo ukikwaruzwa. Wanafunzi walimpima bila ya watahini kuwazingira, na walipomaliza yeye ndiye aliyeandika walichofanya na walichoacha. Mwaka uliofuata, Barrows na mwenzake Stephen Abrahamson walilichapisha jambo hilo, na malipo yao ya kwanza yalikuwa dhihaka. Magazeti yalisema kwamba Hollywood imeingia katika chuo cha udaktari, na maprofesa wenziwe waliona ni aibu kuleta maigizo mahali pa elimu.

Mimi nashikilia kwamba Barrows alikuwa na haki. Mtu mzima anayejua anachoigiza hadhuriki kwa kupimwa mara kumi kwa siku, hali mgonjwa wa kweli hudhurika. Na mwanafunzi anayejifunza mbele yake hupata kusahihishwa na yule yule aliyeguswa, jambo ambalo hakuna kitabu kiwezacho kulifanya. Lakini haki hiyo ina mpaka, na mpaka wenyewe umo katika mwili. Hakuna mwigizaji awezaye kukondesha misuli ya kiganja chake, wala kuufanya ulimi utetemeke kama mfuko wa minyoo, wala kuipausha duara ya mshipa wa jicho inayoonekana kwa kioo kile kilichobuniwa na Hermann von Helmholtz mwaka 1850. Kwa sababu hiyo, hata baada ya Ronald Harden na wenzake wa Dundee kuchapisha mwaka 1975 mtihani wa vituo, ambamo kila mwanafunzi hupita mezani pale pale na kuulizwa swali lile lile, maradhi ya fahamu yaliendelea kuhitaji wagonjwa wa kweli. Marekani walijenga sehemu ya vitendo ya mtihani wao wa leseni juu ya waigizaji tangu mwaka 2004, wakaisimamisha mwaka 2020 maradhi ya korona yalipoingia, na Januari 2021 wakatangaza kwamba haitarejea.

Katika Afrika Mashariki mgonjwa wa kweli ana jambo jingine la kumfunza mtahiniwa. Mwaka 1985, wakati wa ukame katika wilaya ya Tarime, mkoani Mara, watu waliokula mihogo michungu isiyotengenezwa kwa kuloweka na kuanika ipasavyo walipatwa na konzo, maradhi ambayo daktari Mtaliano Giovanni Trolli aliyaeleza katika Kongo mwaka 1938. Miguu hukakamaa ghafla, pande zote mbili kwa usawa, goti huruka kupita kiasi, wala hisia hazipotei. Mtahiniwa aliyejiandaa kwa kukariri orodha za Queen Square tu atataja maradhi kumi ya Ulaya kabla ya kumuuliza mgonjwa nyumbani kwake wanakula nini. Na swali hilo, kwa watu wa Mara, ndilo la kwanza.

Mtihani wa vitendo wa vyuo vya kifalme vya matabibu vya Uingereza, ambao tangu mwaka 2001 umechukua mahali pa ule wa zamani na ambao watahiniwa huufanya katika nchi nyingi nje ya Uingereza, humpa mtahiniwa dakika 6 za kumpima mgonjwa wa fahamu na dakika 4 za kuulizwa, mbele ya watahini wawili wanaotoa alama kila mmoja peke yake bila ya kushauriana. Wanaojiandaa hukutana jioni baada ya zamu, wakapimana wao kwa wao, mmoja akishika saa na mwingine akijifanya amepooza, wakirudia utaratibu ule hata mikono ikaujua bila ya akili kuamrishwa. Ndivyo ilivyo desturi, na ni nzuri, maadamu mikono haikutangulia macho: mwenye kumtazama mgonjwa kwa nusu dakika kabla ya kumgusa aghalabu huwa ameshaona fimbo iliyoegemezwa kitandani, kiatu kilicholika upande mmoja na mkono uliokunjwa kifuani. Katika mambo saba ambayo watahini wa leo huyapima, la saba ni ustawi wa mgonjwa, na mtahiniwa anayemuumiza, kumdhalilisha au kumwacha wazi bila ya stara hupoteza alama hizo hata kama amelitaja jina la ugonjwa kwa usahihi. Wala alama za mambo mengine hazifidii, kwa kuwa kila moja la hayo saba lina kiwango chake cha kufaulu.