HARAMBEE ZA SHULE: KUKU, KADI NA MABATI

Tunaposherehekea miaka 10 ya kikundi chetu, tukumbuke kwamba akina mama hawakuanza kuchanga jana.

Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, Mzee Kenyatta aliwaita wananchi wajenge nchi kwa harambee. Shule nyingi zilijengwa hivyo. Watoto walibeba mawe na maji ya kujengea, wakaleta nyumbani kadi za mchango. Siku yenyewe waliimba, na asiye na pesa alileta kuku au mayai, yakapigwa mnada. Yai moja liliweza kuuzwa hata mara tatu, maanake aliyelinunua alilirudisha!

Miaka hiyo hiyo ya 1960, akina mama wa Mkoa wa Kati walikuwa na vikundi vya mabati: walichanga, wakaezekeana nyumba kwa zamu. Si ndiyo njia yetu?

Mwaka 1974 ada ya darasa la 1 hadi la 4 iliondolewa, lakini shule zikadai pesa za majengo. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, wazazi wakajenga na karakana. Mzazi akishindwa, mtoto alirudishwa nyumbani, na pesa zikipungua, mara nyingi msichana ndiye aliyeacha masomo. Ada ya shule za msingi za serikali iliondolewa Januari 2003.

Kibao cha ukutani humtaja mgeni wa heshima. Mama wa yai hatajwi. Ndiyo sababu daftari letu huandika kila jina na kila shilingi. Tusiache.