Silabi KI na Maana Zake katika Lugha za Kibantu

Siku moja darasani tulimsifu mwanafunzi mdogo, mwana wa Waganda, ambaye Kiswahili kilikuwa bado kigeni kwake. Tulisema, "Kitoto hiki kina akili." Wenzake walicheka kwa furaha, lakini yeye aliinamisha kichwa, machozi yakimlengalenga. Tulipomwuliza, alijibu kwamba kwao mtu akitajwa kwa KI ametukanwa. Kosa lilikuwa letu; basi tukaona yafaa kuichunguza silabi hii fupi.

Katika Kiswahili KI ina kazi nyingi. Kwanza ni silabi ya vitu: kiti, kisu, kitanda. Pili yaonyesha udogo: mto hupata kijito, mlima kilima, mji kijiji. Tatu ni ya lugha na desturi, kama Kiswahili na Kiarabu. Tena twaiona katika majina ya wenye kilema, kama kipofu, kiziwi na kiwete.

Tukivuka mipaka twakuta mambo mengine. Kwa Waganda, omusajja ni mwanamume. Ekisajja ni mwanamume mkubwa asiyependeza, na akasajja ni mwanamume mdogo. Kwa Wakikuyu mũndũ ni mtu, kĩmũndũ ni jitu baya, kamũndũ ni kijitu. Wachewa wa Malawi hutamka CHI mahali pa KI: chimunthu ni jitu, kamunthu ni mtu mdogo. Hata katika majina ya lugha hawapatani wote: Wachewa husema Chichewa, karibu na desturi yetu, bali Waganda husema Oluganda.

Je, tofauti hii ilitoka wapi? Mwaka 1862 Wilhelm Bleek, mtaalamu Mjerumani aliyekaa Cape Town, alitoa sehemu ya kwanza ya kitabu chake cha kulinganisha lugha za kusini mwa Afrika. Ndiye aliyezieneza lugha hizi kwa jina la Bantu, akayapanga majina kwa silabi zake za mwanzo. Carl Meinhof aliiendeleza kazi hiyo katika vitabu vyake vya 1899 na 1906. Katika hesabu ifuatwayo hata leo, KI ni ngeli ya 7, na KA ni ya 12.

Hiyo KA ndiyo ufunguo. Tangu kale ilikuwa silabi ya udogo, na jirani zetu wameitunza. Kiswahili kimeiacha katika ngeli zake, ijapokuwa "katoto" husikika vinywani mwa wengi. Kazi yake ikaangukia KI. Nao ukubwa tukaupa njia nyingine, kama katika jitu na joka. Penye KA, KI haikuhitajiwa kwa udogo, nayo ikaelekea ukubwa na ubaya.

Hata hivyo asili ni moja: KI humtoa mtu katika ngeli ya watu na kumweka katika ngeli ya vitu. Huenda akawa kitu kidogo cha kupendwa, au kitu kikubwa cha kuchukiwa. Nasi hatuna budi kukiri kwamba Kiswahili chenyewe kimemweka kipofu humo. Ila twasema "kipofu amekuja," wala si "kimekuja," hivyo kitenzi humrudishia utu wake.

Basi mwenye kufundisha au kufasiri asiridhike kwa kuwa silabi zafanana. Aulize kwanza wenye lugha huisikiaje. Mwanafunzi wetu tulimwomba radhi mbele ya wenzake, naye akatufundisha kusema omwana.