Difu ya nguvu, difu ya mbio

Ukiinua pikapu na kuifunga tairi kubwa, kitu cha kwanza kupotea ni wepesi wa kuondoka. Gari lililokuwa likichomoka sasa linajikokota, na lawama zote huangukia injini. Mwenye gari ananunua kabureta kubwa, anabadilisha kamshafti, anapasua kichwa na kukifunga upya. Bado halivuti. Neno analolihitaji analo mdomoni tangu zamani, ila hajalifungua akaona kilichomo ndani: difu.

Mfano mzuri uko Marekani, kwenye pikapu za Chevrolet za mwaka 1973 hadi 1987, zile zenye bodi ya pembepembe. Nyingi zilibeba injini ya V8 ya inchi za ujazo 350, yaani lita 5.7, injini iliyoanza kutolewa mwaka 1967 na ambayo mpaka leo vijana wa huko huijenga upya katika gereji za nyumbani. Tuseme yetu ina tairi za inchi 29 na difu ya 3.73. Mwenyewe anaiinua na kuweka tairi za inchi 35. Tairi la kwanza likizunguka mara moja gari husogea mita 2.3 hivi, la pili, karibu mita 2.8. Kila mzunguko sasa una njia ndefu zaidi ya kusukuma, na msukumo unaofika barabarani umepungua kwa takriban asilimia 17. Ni kama vile mtu ameichomoa difu ya 3.73 usiku na kuweka ya 3.09. Hata mshale wa spidi unadanganya: ukisoma 100, gari liko karibu na 120.

Sasa neno lenyewe. Kwa Kiingereza, kilichomo ndani ya lile bonge la chuma kati ya magurudumu ya nyuma kina majina matatu. Kuna ekseli na nyumba yake. Kuna krauni na pinioni, jozi ya gia inayopokea mzunguko wa propela, ule mhimili mrefu utokao kwenye gia boksi, kuupindisha kuelekea magurudumuni na kuupunguza kasi. Halafu kuna vigia vidogo katikati ya krauni vinavyoruhusu gurudumu la nje lizunguke haraka kuliko la ndani gari likikata kona. Wazo hilo Mfaransa Onésiphore Pecqueur alilipatia hataza katika miaka ya 1820, kwa ajili ya gari la mvuke. Jina la Kiingereza ambalo sisi tumelikata likawa difu ni la hivyo vidogo tu. Fundi wetu akalitandaza likafunika mzigo mzima.

Msanifu wa istilahi angeweza kuliona hilo kuwa kosa, akatuletea kitu kama "kitofautishi". Mimi ningemsihi asifanye hivyo. Kitofautishi kingetafsiri jina la vigia vidogo, na kumwacha yatima mwenye pikapu, ambaye shida yake iko kwenye krauni na pinioni. Difu ni neno pana, linabeba, na linakubali viunganishi vyetu bila kelele: nyumba ya difu, oili ya difu, meno ya difu. Tunachokosa ni istilahi moja tu ya kuongeza, na tayari tunayo malighafi yake: uwiano wa difu.

Uwiano huo ni hesabu ya meno. Krauni ya meno 41 ikikutana na pinioni ya meno 11, propela huzunguka mara 3.73 ili gurudumu lizunguke mara moja. Krauni ya meno 41 kwa pinioni ya 10 ni 4.10; kwa pinioni ya 9 ni 4.56. Jino moja tu likipungua kwenye pinioni, tabia ya gari zima inabadilika.

Hapa ndipo Kiswahili cha gereji kinanifurahisha kupita maelezo. Kwa Kiingereza difu ya 4.56 huitwa "ya chini", ingawa namba yake ni ya juu, na wanunuzi huchanganyikiwa dukani kila siku. Mafundi na madereva wa malori kwetu nimewasikia wakisema difu ya nguvu na difu ya mbio. Hawakutazama namba, walitazama kazi. Namba ikipanda, nguvu inapanda na mbio zinashuka. Jina limeshakwambia utapata nini na utalipa nini.

Tahadhari moja lakini. "Nguvu" hapa si zile nguvu za farasi zinazotangazwa kwenye magari. Difu haiongezi hata farasi mmoja. Inafanya kile anachofanya fundi nati ya gurudumu ikigoma: anachomeka bomba kwenye mpini wa spana, nati inalegea, lakini mkono wake umetembea njia ndefu zaidi. Ni nguvu ya kuzungusha, na ni vyema tuiite hivyo kwa ukamilifu wake pale ambapo mtu anaweza kukosea.

Kosa lenyewe, la kufukuzia nguvu za farasi pale panapotakiwa nguvu ya kuzungusha, ni la gharama. Kwa kilomita 100 kwa saa, gia ya juu ikiwa moja kwa moja, ile Chevrolet ya tairi za 35 na difu ya 3.73 huzungusha injini mara 2,200 hivi kwa dakika. Kamshafti ya mashindano huacha valvu wazi muda mrefu. Injini hupumua vizuri ikiwa juu sana, lakini huku chini imelala. Kwa gari zito la barabarani, lenye tairi nzito pia, ninachagua kamshafti ya upole inayovuta kuanzia chini, na pesa iliyobaki inakwenda kwenye difu ya 4.56. Mizunguko inarudi 2,700, karibu palepale alipokusudia mtengenezaji. Ikiwa pikapu inavuta magurudumu yote manne, difu ya mbele lazima ibadilishwe kwa uwiano uleule, la sivyo ukifunga transfa, inayounganisha mbele na nyuma, kwenye lami kavu chuma kitashindana na chuma mpaka kimoja kivunjike.

Kabla ya kununua chochote, hesabu uliyo nayo. Gia iwe huru, gurudumu moja la nyuma liinuliwe kwa jeki na jingine libaki chini limewekewa vizuizi. Weka alama ya chaki kwenye propela. Zungusha gurudumu lililo hewani mara mbili kamili, kwa sababu difu ya kawaida hugawa mzunguko nusu kwa nusu, huku mwenzako akihesabu propela. Akisema tatu na karibu robo tatu, una 3.73.