Mkono wa Serikali Ugenini

Asubuhi moja ya baridi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya Magamba, alinijia mama mmoja kutoka upande wa Mlalo. Baada ya salamu alifungua pindo la kanga, akatoa simu na kuniambia, "Shikamoo tena Mwalimu. Mwanangu yuko Maskati. Anataka kurudi nyumbani, na mwajiri wake ameishika pasi yake. Nifanyeje?" Binti huyo alikwenda Oman kufanya kazi za nyumbani. Mshahara wa miezi mitatu alikuwa hajauona.

Mimi nilistaafu ualimu mkuu miaka mingi iliyopita, lakini huku kwetu mwalimu hastaafu kuandikia watu barua. Nilichukua karatasi, nikamwuliza: "Pasi yake ni namba ngapi, mama? Jina lililoandikwa humo ni lipi? Anakaa mtaa gani?" Mama wa watu alinitazama tu. Jina alilolijua ni lile alilompa mwanawe siku ya kuzaliwa. Pasi ilikuwa na jina la shuleni.

Kabla sijaeleza mambo yalivyokwisha, naomba msomaji anifuate nyuma kidogo. Milima yetu hii ina kisa chake cha zamani cha mgeni aliyepatwa na shida mbali na kwao.

Mwaka 1888 Hans Meyer, Mjerumani wa Leipzig kutoka familia ya wachapishaji wa vitabu, alipanda Usambara akiwa na Oscar Baumann, Mwaustria. Walitaka kupita hapa kwenda Kilimanjaro. Wakiwa huku juu, pwani iliwaka moto. Watu wa Pangani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim, waliikataa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki iliyotaka kushika forodha na miji yao. Wapagazi wakatoroka. Meyer na mwenzake wakageuza njia kurudi pwani, wakakamatwa, wakatiwa minyororo.

Konseli wa Ujerumani alikuwapo Unguja, na manowari za nchi yake zilikuwa baharini. Hata hivyo, minyororo ilifunguliwa kwa fedha: fidia ya rupia 10,000. Mwaka 1889 Meyer alirudi, akafika kilele cha Kilimanjaro pamoja na Ludwig Purtscheller. Mwaka huo huo, mwezi Desemba, Abushiri alinyongwa Pangani.

Hapo katikati palipita jambo kubwa. Mapema mwaka 1889 bunge la Berlin liliidhinisha marki milioni 2 kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani Afrika Mashariki. Hermann Wissmann akaja na jeshi la askari wa kukodiwa, wengi wao Wasudani. Ulinzi ukageuka utawala, na baadaye Lushoto yetu ikaitwa Wilhelmstal.

Nilipokuwa nikifundisha kisa hiki, kijana mmoja alinyoosha mkono akauliza, "Na wapagazi, Mwalimu, wao wangekamatwa nani angewalipia?" Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, maana lile ndilo lilikuwa swali la somo zima. Wakati huo konseli alikuwa wa mtu mwenye dola nyuma yake. Unguja ilikuwa na konseli wa Marekani tangu 1837, wa Uingereza tangu 1841, na wa Ufaransa tangu 1844. Kwa mkataba wa Sayyid Said wa mwaka 1833, Wamarekani wakigombana wao kwa wao katika nchi yake, mwamuzi alikuwa konseli wao, si kadhi wa Sultani. Mpagazi aliyebeba mzigo kutoka pwani hadi bara hakuwa na mlango wa kubisha.

Mlango huo tuliupata kwa uhuru. Mwaka 1963 mataifa yalikutana Vienna yakaandika mkataba juu ya kazi za makonseli, na Tanzania ilijiunga nao mwaka 1977. Kifungu cha 36 kinasema kwamba mgeni akikamatwa, wenye mamlaka wamwarifu bila kuchelewa kuwa ana haki ya ubalozi wake kupewa habari. Yeye mwenyewe ndiye anayeomba habari hiyo ipelekwe. Asiyejua haki hiyo hukaa kimya, na ubalozi hauwezi kumfuata mtu usiyemjua.

Mkataba huo huo unawataka maofisa wa konseli waheshimu sheria za nchi waliyomo na wasiingilie mambo yake ya ndani. Kwa hiyo ubalozi hauvunji gereza wala hauamui kesi. Unaweza kumtembelea mfungwa, kumtafutia wakili, kuzungumza na mwajiri, na kutoa hati ya dharura ya kusafiria. Nchi ikiingia vitani unaweza kukusanya watu wake. Aprili 2023, vita vilipozuka Sudan, Watanzania zaidi ya 200, wengi wao wanafunzi, walitolewa kupitia Ethiopia wakarudishwa nyumbani kwa ndege.

Sasa nirudi kwa mama wa Mlalo. Tulihangaika siku nne. Mwishowe kaka yake binti alikumbuka kwamba siku ya safari aliipiga picha pasi ya dada yake kwa simu, kwa furaha tu, si kwa busara. Picha ile ikawa ndiyo barua yetu ya utambulisho. Tuliandika Wizara ya Mambo ya Nje, tukapiga simu ubalozi wetu Maskati, tukatoa jina kamili, namba ya pasi na namba ya simu ya binti. Baada ya majuma kadhaa alishuka kwenye basi hapa Lushoto, amekonda, mkononi ana mfuko mmoja. Mshahara wake hajaupata hadi leo. Wakala aliyempeleka hapokei simu.

Mama alikuja kunishukuru na kikapu cha matunda. Nilimwambia anishukuru kidogo na amshukuru sana mwanawe wa kiume. Tangu hapo, kijana yeyote akija kuniaga kuwa anakwenda ng'ambo, simhubirii. Namwomba nakala mbili za pasi, jina na simu ya mwajiri, na anwani ya anakokwenda. Nakala moja inabaki kwa mama yake. Ya pili naiweka katika sanduku langu la bati, lile nililokuwa nikiwekea mitihani. Mpaka sasa zimefika kumi na saba.